Vitambua-Moshi vya Waya katika Mtambo wa Ulinzi wa Nyumba

Wahenga walisema: pafukapo moshi pana moto. Methali hiyo hutumika zaidi kwa mambo ya watu kuliko kwa mambo ya majumba, lakini fundi wa umeme aweza kuichukua kama ilivyo na kuifanya kanuni ya kazi yake. Godoro lililoangukiwa na kipande cha sigara, au waya uliopata joto ndani ya dari, huweza kufuka kwa muda mrefu kabla ulimi wa moto haujaonekana. Kifaa kinachoutambua moshi huo mapema huwapa watu wa nyumbani dakika chache za kutoka. Katika moto wa usiku, dakika hizo chache ndizo uhai wenyewe.

Mtu aliyelala hawezi kuitegemea pua yake. Katika moshi mna gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huzidi kumlegeza aliyelala badala ya kumwamsha. Wengi wanaokufa katika moto wa nyumbani huuawa na moshi kabla ya kufikiwa na miali. Hivyo hapana budi pawe na kitu kingine cha kuwaamsha.

Katika miji yetu nyumba nyingi sasa zimewekwa mitambo ya ulinzi dhidi ya wezi, yenye vitambuzi milangoni, king'ora nje na sanduku la kuongozea ndani. Inawezekana, na yafaa, kuunganisha vitambua-moshi na mtambo huo huo. Katika somo hili tutaeleza jinsi kifaa kinavyotambua moshi, jinsi waya unavyopeleka habari kwenye sanduku la kuongozea, na jinsi sanduku linavyojua kwamba kifaa au waya umeharibika.

Jambo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Kitambua-moshi hukaa kimya mwaka hata mwaka. Ukimya huo waweza kuwa na maana mbili: hakuna moto, au kifaa kimekufa. Anayelala chini yake hawezi kuzitofautisha kwa sikio. Kazi bora ya waya ni kuzitofautisha kwa niaba yake.

JINSI KIFAA KINAVYOTAMBUA MOSHI

Ziko njia mbili kuu. Ya kwanza ni ya ioni. Katika miaka ya 1930 mwanafizikia wa Uswisi, Walter Jaeger, alikuwa akijaribu kutengeneza kifaa cha kutambua gesi ya sumu. Inasimuliwa kwamba gesi haikuutikisa mshale wa kipimo chake hata kidogo, lakini alipowasha sigara mshale ulisogea. Mwenzake wa nchi hiyo hiyo, Ernst Meili, aliiendeleza kazi hiyo hadi kupata kifaa cha kufaa kwa matumizi. Vifaa vya bei nafuu kwa ajili ya nyumba za kuishi vilianza kuenea Marekani katika miaka ya 1970.

Ndani ya kifaa cha namna hii mna chembe ya ameriki-241, elementi yenye mnururisho, ambayo uzito wake haufiki sehemu moja ya milioni ya gramu. Chembe za alfa zinazotoka humo huzigonga atomu za hewa iliyo baina ya mabamba mawili na kuzifanya ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme. Ioni hizo huruhusu mkondo mdogo sana kupita kutoka bamba moja hadi la pili. Moshi uingiapo, ioni hujibandika kwenye chembe za moshi, nazo ni nzito na za mwendo wa polepole. Mkondo hupungua, na kupungua huko ndiko dalili. Chembe za alfa huzuiliwa hata na karatasi moja, kwa hiyo kifaa kizima hakina madhara. Bali si halali kukifungua wala kukichoma, kwani ameriki hiyo huchukua miaka 432 kupungua hata kufikia nusu.

Njia ya pili ni ya mwanga. Msomaji bila shaka amewahi kuona mwale wa jua ukipenya tundu la bati ndani ya chumba chenye giza. Mwale wenyewe hauonekani kwa ubavuni mpaka vumbi lipite ndani yake. Hapo kila chembe hutawanya mwanga kidogo, na njia yote ya mwale hudhihirika. Kitambua-moshi cha mwanga ni chumba kidogo cheusi cha namna hiyo. Taa ndogo humulika upande mmoja, na jicho la umeme limewekwa pembeni, mahali ambapo mwanga haufiki moja kwa moja. Hewa ikiwa safi, jicho halioni kitu. Moshi ukiingia, chembe zake hutawanya mwanga, nalo jicho huona.

Kifaa cha ioni ni chepesi zaidi kwa moto unaowaka kwa miali, ambao hutoa chembe ndogo mno. Kifaa cha mwanga ni chepesi zaidi kwa moto unaofuka polepole, wenye chembe kubwa. Vitambua-moshi vinavyotengenezwa kwa ajili ya mitambo ya ulinzi siku hizi aghalabu ni vya mwanga. Jikoni hapafai aina yo yote kati ya hizo, maana moshi wa mafuta ya kukaangia utapiga kengele kila siku. Huko huwekwa kitambua-joto, ambacho huamka joto la hewa darini lifikapo kiasi cha nyuzi 57 za Selsiasi.

AINA MBILI ZA MFUMO WA WAYA

Mtu asemapo "kitambua-moshi cha waya" aweza kuwa na maana ya vitu viwili tofauti, na wanunuzi wengi huvichanganya.

Aina ya kwanza hulishwa na umeme wa nyumba: volti 230 kwetu, volti 120 huko Marekani. Kila kifaa kina kengele yake na betri ya akiba ndani yake. Waya wa tatu huviunganisha vyote, hata kimoja kikitambua moshi stoo, vyote hulia, pamoja na kile cha chumba cha watoto. Hii ni faida kubwa, kwa sababu kengele iliayo nyuma ya milango miwili iliyofungwa yaweza isimwamshe mtu.

Aina ya pili haiguswi na umeme wa ukutani hata kidogo. Hulishwa na sanduku la kuongozea la mtambo wa ulinzi, kwa volti 12 au 24 tu. Mara nyingi haina kengele. Kazi yake ni kutoa habari. Sanduku lipokeapo habari ndilo linalopiga king'ora, kuwasha taa, na kupeleka ujumbe kwa simu.

Aina ya kwanza nayo yaweza kuunganishwa na sanduku, lakini si kwa kuzikutanisha nyaya moja kwa moja. Volti 230 zikiingia katika sakiti ya volti 12 zitaliunguza sanduku, na pengine kumwua anayeligusa. Baina yao huwekwa rilei, ambayo ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Vitambua-moshi vikilia, waya wa kuviunganisha huiendesha rilei. Rilei hufunga swichi yake upande wa pili, na sanduku huona swichi imefungwa. Habari hupita, umeme haupiti. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni.

MKONDO MDOGO UNAOZUNGUKA DAIMA

Sasa tuitazame aina ya pili kwa undani. Tuchukue mfano. Kutoka kwenye sanduku hutoka nyaya mbili zenye volti 12, zikapita kifaa kimoja baada ya kingine. Kwenye kifaa cha mwisho, baina ya nyaya hizo mbili, hufungwa kikinza cha omu 2,000. Kwa kanuni ya Ohm, mkondo ni volti gawanya kwa ukinzani:

12 ÷ 2,000 = 0.006

yaani miliampea 6. Mkondo huu mdogo huzunguka usiku na mchana, hata kama hakuna kinachotokea. Hauwashi cho chote. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba njia ni nzima toka mwanzo hadi mwisho. Sanduku huupima bila kukoma na kuamua moja ya mambo matatu:

1. Mkondo ni miliampea 6. Njia ni nzima na hakuna moshi. Hali ni shwari.

2. Mkondo ni sifuri. Mahali fulani waya umekatika, skrubu imelegea, au mtu amekiondoa kifaa. Hii ni hitilafu. Sanduku hulia kwa sauti ndogo ya vipindi na kuwasha taa ya manjano.

3. Mkondo umepanda ghafula. Kifaa kilichotambua moshi hufunga swichi yake baina ya nyaya mbili. Mkondo hupata njia fupi isiyopitia kikinza, ukaongezeka hadi mpaka uliowekwa na sanduku lenyewe. Huu ni moto.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini kukatika kwa waya kusihesabiwe kuwa hatari, kama ifanywavyo kwa wezi? Katika sakiti ya milango, swichi zote hukaa zimefungwa. Mlango ukifunguliwa, au mwizi akikata waya, mkondo hukatika na king'ora hulia. Kwa moto utaratibu huo haufai. Kila skrubu ikilegea mtaa mzima ungeamshwa, na watu wakishaamshwa bure mara tatu, mara ya nne hawaamki. Wengine hukiondoa kifaa kabisa. Kwa hiyo moto hupewa sauti yake na hitilafu sauti yake, kila moja kwa kadiri ya uzito wake.

Panya wakiutafuna waya hata nyaya mbili zikagusana, sanduku litasema kuna moto. Hilo ni kosa, lakini ni kosa la upande wa salama.

MAKOSA MATATU YA KUJIHADHARI NAYO

Mtambo waweza kuonekana mzima kwenye sanduku huku haulindi kitu. Yako makosa matatu ya ufungaji yaletayo hali hiyo.

La kwanza ni kufunga kikinza ndani ya sanduku badala ya kukipeleka kwenye kifaa cha mwisho. Fundi mvivu hufanya hivyo ili asipande ngazi tena. Miliampea 6 zitazunguka ndani ya sanduku daima, hata nyaya zote za darini zikikatwa. Sanduku litakuwa likijipima lenyewe.

La pili ni kutoa tawi. Nyumba ikiongezwa chumba, fundi huunganisha waya katikati ya njia na kuupeleka kwenye kifaa kipya. Mkondo wa ulinzi haupiti katika tawi hilo, kwa kuwa mwishoni mwake hamna kikinza. Tawi likikatika, sanduku halina habari. Njia iliyo sahihi ni kuirefusha njia kuu ipite kwenye kifaa kipya na kurudi, ili pawe na mwanzo mmoja na mwisho mmoja.

La tatu limejificha zaidi. Viko vitambua-moshi vya nyaya nne: mbili za kulisha umeme, na mbili za kutoa habari. Tuseme waya wa kulisha umekatika. Vifaa vyote vilivyo mbele ya mkato hufa papo hapo. Lakini nyaya za habari ni nzima, swichi za vifaa ziko wazi kama kawaida, na miliampea 6 zaendelea kuzunguka. Sanduku laona shwari, kumbe darini pana vifaa vilivyokufa. Dawa yake ni kuweka rilei mwishoni mwa nyaya za kulisha. Umeme ukifika, rilei huvutwa na swichi yake huruhusu mkondo wa habari kupita. Umeme usipofika, rilei huachia, mkondo wa habari hukatika, na sanduku hutangaza hitilafu. Mwenye nyumba anayefungiwa mtambo wa nyaya nne na amwulize fundi: rilei ya mwisho iko wapi?

Makosa yote matatu ni namna moja ya kosa: ukimya wa kifo umefanywa ufanane na ukimya wa amani.

MOTO SI MWIZI

Moto na mwizi wakikaa katika sanduku moja, hapana budi sanduku liwatofautishe kwa mambo manne.

Kwanza, muda. Sakiti ya wezi hutegwa usiku na kuteguliwa asubuhi. Sakiti ya moto haiteguliwi kamwe. Huwa macho saa 24.

Pili, sauti. Asikiaye king'ora cha mwizi hujifungia ndani. Asikiaye kengele ya moto yampasa atoke nje. Ikiwa sauti ni moja, mwenye nyumba aliyeshtuka usingizini aweza kutia komeo mlango ambao ungemwokoa. Kanuni ya kimataifa ya ISO 8201 imeweka mlio maalumu wa kuwatoa watu nje: milio mitatu ya nusu sekunde kila mmoja, yenye vituo vya nusu sekunde baina yake, kisha kimya cha sekunde moja na nusu, na kurudia. Yafaa watoto wafundishwe mlio huo kama wanavyofundishwa kengele ya shule.

Tatu, ujumbe. Mahali ambapo mtambo umeunganishwa na kampuni ya ulinzi, ujumbe wa moto uwe mbali na ule wa wizi. Mlinzi mwenye rungu hazimi moto. Aliyepokea ujumbe ajue kwamba kwanza ni kuita zimamoto, ambao kwa Tanzania namba yao ni 114.

Nne, njia ya kutokea. Hapa ndipo mambo mawili ya ulinzi hugombana waziwazi. Nondo za madirishani na makufuli ya milangoni huwekwa ili mtu asiingie. Usiku wa moto huzuia mtu asitoke. Kitambua-moshi kilicho bora kuliko vyote hakimfai mtu asiyeweza kufungua mlango. Kwa hiyo kabla ya kununua kifaa, kila chumba cha kulala na kitazamwe: je, liko dirisha moja ambalo nondo zake hufunguka kwa ndani bila ufunguo? Kama mlango una kufuli, ufunguo hutundikwa wapi, na nani anapajua gizani?

UMEME UKIKATIKA

Moto mwingi huanzia kwenye hitilafu ya umeme, na hitilafu hiyo hiyo yaweza kuukata umeme wa nyumba. Tena mgawo wa umeme si jambo geni kwetu, na umeme ukikatika watu huwasha mishumaa. Basi saa ambayo umeme haupo ndiyo saa ambayo hatari imezidi. Hivyo sanduku huwa na betri.

Kanuni za Marekani kwa nyumba za kuishi hudai betri iweze kuendesha mtambo saa 24, na mwishoni mwa saa hizo bado iweze kupiga kengele kwa dakika 4. Tufanye hesabu. Mtambo unaotumia ampea 0.15 wakati wa kimya utahitaji:

0.15 × 24 = ampea-saa 3.6

Kengele ikitumia ampea 0.9 kwa dakika 4:

0.9 × 4/60 = ampea-saa 0.06

Jumla ni ampea-saa 3.66. Betri ya ampea-saa 7, ambayo ni ya kawaida madukani, yatosha na kubakiza karibu nusu kwa ajili ya kuzeeka kwake. Mahali ambapo umeme huweza kukosekana kwa siku mbili, hesabu irudiwe kwa saa 48. Hapo mahitaji hufikia ampea-saa 7.26, na betri hiyo haitoshi.

UTUNZAJI

Uchunguzi wa shirika la NFPA la Marekani ulionyesha kwamba katika miaka ya 2014 hadi 2018, takriban vifo vitatu katika kila vitano vya moto wa nyumbani nchini humo vilitokea katika nyumba zisizo na kengele ya moshi au zenye kengele isiyofanya kazi. Na sababu kubwa ya kengele kutofanya kazi ilikuwa betri iliyoondolewa au kuisha. Vifaa vya waya hupunguza udhaifu huo, lakini havimwondolei mwenye nyumba wajibu wake:

(a) Kila mwezi kifaa kijaribiwe kwa kitufe chake, na kampuni ya ulinzi ipewe habari kabla. Kisijaribiwe kwa kuchoma karatasi chini yake, kwani masizi hubaki ndani.

(b) Vumbi na utando wa buibui vifutwe. Mdudu mdogo ndani ya chumba cha mwanga hutawanya mwanga sawasawa na moshi.

(c) Kisipakwe rangi dari ipakwapo rangi.

(d) Kibadilishwe miaka 10 baada ya tarehe ya kutengenezwa, iliyoandikwa mgongoni mwake. Tarehe ya kununuliwa haihesabiwi.

(e) Taa ya manjano isizoewe. Hitilafu iliyoachwa wiki moja ni wiki moja ya kulala bila mlinzi.

HITIMISHO

Tumeona kwamba kutambua moshi si kazi ngumu. Mwale wa jua na vumbi hutufundisha. Kazi ngumu ni kuhakikisha kwamba kifaa ambacho huenda kisiitwe kazini kwa miaka 10 kitaitika siku hiyo moja. Miliampea 6 zinazozunguka usiku kucha ndizo zinazouliza swali hilo bila kuchoka. Mwenye nyumba naye aliulize kwa kidole chake, kila mwezi, juu ya kitufe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Sakiti ya moto ina volti 24 na kikinza cha mwisho cha omu 4,000. Mkondo wa ulinzi ni miliampea ngapi?

2. Sanduku linaonyesha hali ni shwari, lakini kifaa cha chumba kipya hakitoi habari kinapojaribiwa. Eleza kosa moja la ufungaji linaloweza kuwa sababu.

3. Kwa nini king'ora cha mwizi na kengele ya moto visilie kwa sauti moja?

4. Usiku wa leo zima taa, ufumbe macho, na uitafute njia ya kutoka chumbani mwako hadi nje. Ulihitaji funguo ngapi?